MPIRA, JEZI NA MFUKO WA NYUMBA



Somo letu la mwezi huu huenda litawashangaza wengine kuliona katika ukurasa wa ndoa. Tutazungumza juu ya mpira wa miguu, na si ule wa kuchezwa uwanjani, bali ule wa kutazamwa, kushabikiwa na kununuliwa. Nimeona yafaa tuuzungumzie kwa sababu katika semina za wanandoa ninazosaidia parokiani, malalamiko juu ya pombe na juu ya wakwe sasa yana mshindani, nayo ni ligi ya Uingereza. Mama mmoja alisema mbele yetu sote, mumewe akiwa ameketi kando yake: "Baba watoto anajua ni goti gani la mchezaji wa London lililoumia na litapona lini. Lakini hebu muulizeni binti yake yuko darasa la ngapi." Watu walicheka. Mume hakucheka, wala yule mama hakucheka.

Tuanze kwa kusema wazi kwamba kuipenda timu si dhambi. Mwanamume aliyeshinda juani akibeba mawe, au aliyesimamishwa kazi na haoni mlango wa kubisha, akiingia katika kibanda cha mpira hupata mahali ambapo hakuna anayemwuliza kodi ya nyumba. Anasalimiwa kwa jina. Anabishana na mwalimu wa shule na mwenye duka kama mtu aliye sawa nao, na timu yake ikifunga anakumbatiwa na mtu asiyemjua. Mke anayetaka kuelewa kwa nini mumewe hakosi mechi asianzie na mpira. Aanzie hapo. Ajiulize mumewe anapata nini kule ambacho hapati nyumbani, na mume naye ajiulize swali hilo hilo kwa moyo mweupe.

Tena mpira umejua kuunganisha watu. Mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards tunaiita mechi ya mashemeji, kwa kuwa Wajaluo na Waluhya wameoana miaka mingi, na mtu humkuta kaka wa mkewe upande wa pili wa uwanja. Wazee wetu bado wanasimulia mwaka 1987, Gor Mahia walipotoka sare 2-2 na Espérance kule Tunis, wakaja Kasarani wakatoka sare 1-1, wakatwaa Kombe la Washindi barani Afrika kwa mabao ya ugenini. Shangwe ile haikuhitaji mtu anunue chochote zaidi ya tikiti.

Basi tatizo liko wapi? Liko pale shabiki anapogeuzwa mteja bila yeye kujua. Kwa hiyo nawaomba mnivumilie kidogo nieleze historia, maana mume na mke wakiijua watagombana kidogo na watahesabu zaidi.

Kutoka kanisani hadi dukani

Vilabu vingi tunavyovishabikia vilizaliwa kanisani au kazini. Everton ilitokana na kanisa la Wamethodisti la St Domingo, mjini Liverpool, mwaka 1878. Manchester City ilianzia katika kanisa la Kianglikana la St Mark mwaka 1880. Manchester United walikuwa wafanyakazi wa reli wa Newton Heath, na Arsenal wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha Woolwich.

Sisi Wakatoliki tunao mfano wetu, nao ni Celtic ya Glasgow, huko Skotilandi. Mnamo Novemba 1887 Bruda Walfrid, Mmaristi kutoka Ireland, alikutana na waumini katika ukumbi wa parokia ya Mtakatifu Maria, wakaamua kuanzisha timu ya mpira. Shabaha yake ilikuwa kupata fedha za kuwalisha watoto wa wahamiaji maskini waliokuwa wakienda shule na njaa. Watu walilipa kiingilio, na senti zao zikanunua mkate na supu. Mwaka 1892 Bruda alihamishiwa London, na mwaka 1897 klabu ikafanywa kampuni yenye hisa.

Siwalaumu walioifanya kampuni. Timu kubwa haiendeshwi kwa sadaka. Lakini tazameni mwendo wa ile senti. Wakati wa Bruda Walfrid ilitoka uwanjani ikaenda mezani kwa mtoto. Katika baadhi ya nyumba zetu leo inatoka mezani kwa mtoto ikaenda uwanjani.

Jezi nayo ina historia yake. Zamani shabiki wa Uingereza alikwenda uwanjani na skafu, mara nyingi iliyofumwa nyumbani, ikamdumu mpaka izeeke. Katikati ya miaka ya 1970 kampuni ya nguo ya Admiral ilifanya mapatano na Leeds United, kisha na timu ya taifa ya Uingereza, ikaanza kuuza jezi zinazofanana na za wachezaji. Walioandaliwa kwanza walikuwa watoto, na anayelipa alikuwa mzazi. Mwaka 1979 Liverpool wakavaa jina la Hitachi kifuani. Mwaka 1992 Ligi Kuu mpya ilianza, na televisheni ya Sky ilihusika katika mkataba wa pauni milioni 304 kwa miaka mitano. Watu waliona hizo ni fedha za ajabu. Mkataba wa Uingereza peke yake ulioanza mwaka 2025 ni wa pauni bilioni 6.7 kwa misimu minne.

Mwaka 1993 majina ya wachezaji yakaanza kuandikwa mgongoni katika ligi ile. Lilionekana jambo dogo, lakini mfanyabiashara alilielewa upesi: mchezaji akiuzwa, jezi yako inazeeka siku hiyo hiyo hata kama haijafuliwa. Siku zile jezi ya nyumbani ilikuwa ikikaa kama misimu miwili kabla ya kubadilishwa. Sasa vilabu vikubwa hutoa tatu mpya kila mwaka: ya nyumbani, ya ugenini na ya tatu, ambayo sijaelewa mpaka leo ni ya wapi.

Kuna kisa kimoja ninachopenda kukisimulia. Tarehe 13 Aprili 1996 Manchester United walikwenda kucheza na Southampton wakiwa wamevaa jezi za kijivu. Kufikia mapumziko walikuwa wamefungwa mabao matatu bila. Kocha wao, Alex Ferguson, akawaamuru wazivue, wakarudi na jezi nyingine, wakamaliza 3-1. Ilisemwa kwamba wachezaji walishindwa kuonana vizuri katika rangi ile. Jezi ya kijivu haikuvaliwa tena na timu. Sasa mfikirieni baba wa Manchester aliyekuwa amewanunulia watoto wake wawili jezi ile ile kwa mshahara wa kiwandani. Kocha aliweza kuivua na kuiacha chumbani. Yule baba angempelekea nani?

Mwaka 2003 ofisi ya serikali ya Uingereza iliyokuwa ikilinda ushindani wa biashara ilitoza makampuni kadhaa faini ya zaidi ya pauni milioni 18 kwa jumla, kwa kosa la kupatana kisirisiri bei ya jezi isishuke. Miongoni mwao walikuwamo Umbro waliotengeneza jezi, maduka makubwa ya michezo, na klabu ya Manchester United yenyewe. Maana yake ni kwamba klabu iliyoimbwa kila Jumamosi ilikuwa imekaa mezani na wenye maduka ili yule anayeiimba asipunguziwe bei.

Sina nia ya kuwachafulia timu. Nataka tuone jinsi biashara hii inavyofanya kazi. Upendo wa shabiki hauishi. Mtu atahama mtaa, atahama chama cha siasa, lakini Arsenal hahami hata ikifungwa miaka ishirini. Mfanyabiashara aliuona upendo huo usioisha, akaushonea kwenye kitambaa kinachoisha kila Agosti.

Ulivyofika kwetu

Sisi tuliokuwa watoto miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 tuliona mpira wa Ulaya kupitia televisheni ya taifa, katika kipindi cha Football Made in Germany. Nyumba moja yenye televisheni iliwahudumia majirani wote, na hakuna aliyelipa zaidi ya kuvua viatu mlangoni. Kisha ikaja televisheni ya kulipia, na pamoja nayo vibanda na mabaa ya kutazamia mechi. Mwaka 2013 kijana wetu Victor Wanyama alipojiunga na Southampton, akawa Mkenya wa kwanza kucheza katika Ligi Kuu ile, mashabiki waliona kana kwamba na wao wameingia uwanjani.

Baadaye yakaja makampuni ya kubashiri matokeo, ambayo kwetu tunaita kubeti. SportPesa ilianza mwaka 2014, ikawadhamini Gor Mahia na Leopards, na mwaka 2017 jina lake likawa kifuani mwa Everton. Julai mwaka huo Everton walikuja Dar es Salaam, Wayne Rooney akafunga, na Gor Mahia wakapoteza 2-1. Julai 2019 Everton walicheza Kasarani, wakashindwa na Kariobangi Sharks kwa mikwaju ya penalti. Lakini mwezi huo huo serikali yetu ilikataa kuhuisha leseni za makampuni kadhaa ya kubeti, udhamini ukakatika, na Gor na Leopards wakabaki wakihangaika na mishahara. Makampuni yalirudi baadaye. Huko Uingereza vilabu vyenyewe vilikubaliana mwaka 2023 kuondoa majina ya makampuni hayo kifuani mwa jezi, msimu wa 2025/26 ukiwa wa mwisho. Ikiwa wao waliokuwa wakilipwa waliona haya, sisi tunaolipa tuseme nini?

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo ndoa nyingi zinapoumizwa.

Mume husema, "Mimi naujua mpira, sibahatishi." Haya, tumkubalie. Tuseme anaujua hasa, na kila mechi anayochagua ana nafasi sita katika kumi ya kupatia. Ni mtaalamu. Sasa anaweka mkeka wa mechi tano, ambapo lazima zote ziwe sawa ndipo alipwe. Zidisha sita ya kumi mara tano: inakuja karibu mara nane katika mia. Mikeka tisini na miwili katika mia itachanika. Akiweka mechi kumi kwa sababu zawadi ni kubwa, ni kama mara sita katika elfu moja. Hesabu hii haihitaji chuo kikuu; mtoto wa sekondari ataifanya. Ndiyo maana mkeka unaharibiwa na "timu moja tu" kila Jumapili, na yule mtu analala akiamini alikaribia. Hakukaribia. Mkeka umeundwa ili ionekane hivyo.

Na hasara ya kubeti ina tabia ambayo jezi haina. Jezi mke ataiona kwenye kamba ya nguo. Mkeka uko ndani ya simu, na mkopo wa simu wa kulipia mkeka uko ndani ya simu hiyo hiyo. Mke anajua tu kwamba unga umepungua na mume amekuwa mkali.

Kuna jambo lingine la kujifunza kutoka kwa wakubwa. Mwaka 2005 familia ya Glazer ya Marekani iliinunua Manchester United, sehemu kubwa kwa fedha za mkopo, na deni likabebeshwa klabu yenyewe. Mashabiki waliandamana kwa hasira. Hata hapa kwetu nimewasikia wanaume wakilaani jambo hilo: mtu atakopaje halafu deni alibebe mwingine? Nikasema kimoyomoyo, baba huyu angekuwa mwanasheria mzuri wa mkewe.

Tuketi na daftari

Wanandoa wengi huzungumza habari hii wakati mbaya kabisa, yaani Jumapili usiku timu ikiwa imefungwa. Msifanye hivyo. Chagueni jioni isiyo na mechi, watoto wakiwa wamelala, simu zikiwa zimefunikwa.

Chukueni daftari mwandike. Nitatoa mfano wa nyumba ya kawaida. Ninyi mtaweka hesabu zenu. Tuseme baba anatazama mechi tatu kwa wiki kibandani kwa shilingi 50, hizo ni 150. Soda au chai na kitu cha kutafuna, shilingi 100 kila mechi, hizo ni 300. Mikeka miwili ya shilingi 100, hizo ni 200. Jumla ni shilingi 650 kwa wiki, na hakuna anayeiona kubwa. Lakini ligi huenda kama wiki 40, tangu Agosti hadi Mei. Hizo ni shilingi 26,000. Ongezeni jezi moja ya sokoni ya shilingi 1,500, mfike 27,500. Nimeweka soda, mwenye kunywa bia afanye hesabu yake mwenyewe, atakuwa na kazi zaidi.

Mama, hesabu hiyo ikitoka, usiruke juu. Usiseme, "Si nilisema!" Neno hilo limefunga vinywa vya wanaume wengi kuliko risasi. Sema hivi: "Baba watoto, katika hizi elfu ishirini na saba, zipi zinakupa furaha kweli?" Utashangaa. Wengi watakwambia ni mechi za timu yao tu, pamoja na wale marafiki wawili watatu. Mechi nyingine hutazamwa kwa sababu kuna mkeka. Basi ukiondoa mkeka, mechi mbili katika zile tatu zinajiondoa zenyewe.

Na wewe baba, usiseme, "Hata wewe una sare za vikundi na vyombo vya chama." Huenda ni kweli, na vitenge vya sare vinavyobadilika kila harusi vina ujanja ule ule wa jezi ya Agosti. Mama ayaandike hayo katika ukurasa wake kwa hiari yake. Lakini jambo lako lisijifiche nyuma ya la mwenzako. Nisisahau pia kwamba katika nyumba nyingine shabiki ni mama, na baba ndiye anayengoja chakula hadi dakika za nyongeza. Somo ni lile lile.

Mpatane kiasi. Nimeona waliofaulu wakitenga fungu dogo la mpira, wazi, kama wanavyotenga la mafuta ya taa, likiisha limeisha mpaka mwezi ujao. Ninayoipinga kabisa ni ndoa ambayo baba amekatazwa mpira wote. Huyo ataenda kwa siri, na siri itagharimu kuliko kibanda.

Juu ya watoto: mtoto akiomba jezi kwa sababu wenzake wanazo, msimkemee. Mwonyesheni bei. Jezi halisi huko Uingereza ni kama pauni 80, na ya wachuuzi wetu ni kuiga tu. Mwulizeni kama angependa jezi au mpira wa kuchezea na viatu. Baba akitoka naye Jumamosi asubuhi wakapiga mpira huo nyuma ya kanisa nusu saa, mtoto atakuwa na timu ambayo haiuzwi. Kama mna nafasi, mpelekeni kwenye mechi ya timu ya mtaa wenu. Kiingilio ni kidogo, na mchezaji atamsalimu mkononi.

Jumuiya ndogondogo nazo ziseme kweli. Tumelalamika miaka mingi kwamba wanaume hawaji, huku tukipanga sala Jumamosi saa kumi na moja jioni, mechi kubwa zikiendelea. Jumuiya moja niijuayo ilisogeza saa, na wanaume sita wakaja. Sita si wengi, lakini kabla ya hapo alikuwa akija mmoja, mwenyekiti.

Mwisho, kwa yule mwenye deni la kubeti ambalo mwenzake halijui. Hesabu za daftari hazitakusaidia mpaka hilo lisemwe. Mwambie mkeo kiasi chote kwa mara moja, si nusu leo na nusu mwezi ujao, maana nusu ya pili ndiyo inayovunja. Kama unaogopa kuwa peke yako, waombeni wasimamizi wenu wa ndoa waketi nanyi. Hiyo ndiyo kazi waliyoikubali siku ile altareni. Futeni ile programu katika simu mkiwa wote wawili. Andikeni madeni kuanzia lenye riba kubwa, mlipe hilo kwanza, na mshahara kwa miezi michache upitie kwa mama. Mama, ukikabidhiwa, umpe baba nauli na pesa ya chai bila kumfanya aombe kama mtoto. Na ligi ikifikia mwisho mwezi wa Mei, lifungueni daftari tena, mwone ukurasa wa Agosti ulisema nini.